Karatasi ya Mwisho Hubaki Dukani

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mbili. Msinicheke. Iliyozeeka ni kazi yenyewe, mimi niliondoka nayo tu. Siku hizi nauza mbegu na dawa za mifugo hapa Kilosa, na ninyi wadogo zangu mkija kuulizia mbegu za vitunguu, macho yenu yanakwenda moja kwa moja kwenye rundo la magazeti makuukuu nyuma yangu. "Dada Zawadi, hayo ya nini?" Kila nikianza kujibu, anaingia mteja mwenye mbuzi anayeharisha. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Nilikuwa mkodishaji wa magazeti ya roketi.

Duka lilikuwa la Mzee Nassoro, mjini Kilosa, si mbali na stesheni. Alikuwa pia na kibanda Mikumi, pale mabasi ya barabara kuu yanaposimama abiria wanyooshe miguu. Alikodisha magazeti ya hadithi za kisayansi ya Kiswahili, yaliyochapishwa kabla sijazaliwa. Karatasi zake zilikuwa za njano, picha za rangi mbili, na karibu kila jalada lilikuwa na roketi. Hakuna aliyeyaita kwa jina lake. Mtu aliingia na kusema, "Mzee, nipe la roketi," na Mzee akajibu, "Lipi? La kwenda au la kurudi?" Chumba cha nyuma kilikuwa na televisheni na mikanda ya tamthilia za anga za kigeni, alizozirekodi mwenyewe miaka ile televisheni zilipokuwa za kuhesabu mji mzima. Jumamosi alasiri watu walijaa humo mpaka mlango haufungi.

Mimi niliingia kukwepa jua. Nilikuwa nimemaliza shahada ya fizikia na kurudi nyumbani kusubiri ajira. Nikachukua gazeti moja, nikasoma kurasa tatu, nikamwambia mwenye duka kwamba umbali wa nyota uliotajwa humo si sahihi.

"Umekuja kukodi au kusahihisha?" akaniuliza.

"Kusahihisha."

"Basi pita upande huu wa meza. Upande huo ni wa wateja."

Nikapita. Nilikaa upande huo miaka saba, na kwa miaka yote hiyo aliniita Msomi, hata nilipokuwa nafagia.

Mwanzoni nilisahihisha kila kitu. Jumamosi moja tulikuwa tunaangalia tamthilia ya chombo cha anga kinachopita katikati ya vimondo. Nikasimama nikanyoosha kidole: "Jamani, mnaona? Kile chombo kimening'inizwa kwa uzi. Ule pale!"

Mama mmoja muuza maandazi, wala hakugeuza shingo, akasema, "Tunauona tangu mwaka juzi, mwanangu. Kaa chini, unauziba."

Sikukoma. Wiki iliyofuata nikaeleza kwamba angani hakuna hewa, kwa hiyo ile milipuko isingesikika. Mzee Nassoro akaniangalia, akaenda kwenye televisheni, akazima sauti. Tukaangalia vita nzima kimya kimya, watu wanapepesuka na kuanguka bila mlio. Watu wakaanza kunung'unika. "Sasa mnaangalia ya kweli," Mzee akawaambia. "Mshukuruni Msomi." Walinishukuru kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Msidhani nilikosea kuuliza. Nilikosea kudhani kwamba wao hawajajiuliza.

Kuna mambo ya mikono yanafaa kujulikana hata leo, maana huenda mkarithi makaratasi ya babu zenu. Gazeti la zamani halibandikwi kwa gundi ya dukani. Inakauka ngumu na kuvunja karatasi. Tulipika uji mzito wa unga wa muhogo. Mara ya kwanza niliupika mwenyewe, laini na mweupe, nikabandika magazeti ishirini kwa siku moja. Nilijisifu sana. Baada ya wiki mende walikuwa wamekula migongo yote ishirini. Mzee alikuja akatazama, akasema, "Umewapikia vizuri." Kumbe uji huo huchemshwa kwa maji ya majani ya mwarobaini, ukawa mchungu. Alijua tangu mwanzo na hakuniambia, kwa sababu, alisema, ningemuuliza ushahidi. Ushahidi ndio huo, unatembea ukutani.

Mkanda wa video ukiota ukungu, msiuingize kwenye mashine. Fungueni skrubu tano, mpanguse utepe kwa kitambaa laini chenye spiriti, mkiuzungusha taratibu kwa mkono. Pamba haifai, huacha nyuzi. Ninajua sasa hakuna mtu mwenye mashine. Nawaambia hivyohivyo.

Sasa karatasi ya mwisho.

Kila gazeti lilikuwa na kurasa arobaini na nane. Mzee Nassoro alikata karatasi ya mwisho ya kila toleo kwa wembe, yaani ukurasa wa arobaini na saba na wa arobaini na nane, akaiweka kwenye kopo la biskuti. Ulikodi gazeti bila mwisho wake. Ulipolirudisha, ulipewa karatasi yako, ukakaa kwenye benchi mlangoni, ukaisoma, ukairudisha. Hivyo tu.

Nilimuuliza kwa nini asichukue kitambulisho kama watu wengine.

"Kitambulisho mtu anakiacha hapa mwaka mzima na hana habari," akasema. "Mwisho wa hadithi hauachi hata siku nne."

Alisema kweli. Magazeti yalirudi. Na sisi wa upande wa meza tulipata kitu ambacho mwandishi wa hadithi hajawahi kukiona: sura ya mtu anaposoma mstari wa mwisho. Wengine walicheka, wengine walituangalia kwa hasira kana kwamba ni sisi tuliomuua rubani. Dereva mmoja wa lori pale Mikumi alisoma, akakunja mikono, akakaa mpaka utingo wake akamfuata kwa kelele.

Miongoni mwa wateja wetu walikuwapo wanaume wawili wa Mvumi, wa rika moja, wamepita hamsini. Bwana Shabani ni mkulima wa hapahapa, familia yao iko kwenye lile bonde tangu zamani, analima mahindi na mpunga. Bwana Masunga ni Msukuma, alihamia na mkewe na ng'ombe wake, akalima kidogo na kuchunga sana. Mnajua wenyewe jinsi mkulima na mfugaji wanavyoweza kuishi vibaya. Hawa wawili waliishi vizuri, na walikuwa na mpango wao: mahindi ya Shabani yakishaingia ghalani yote, ng'ombe wa Masunga wanaingia shambani kula mabua na kuacha mbolea. Kabla ya hapo, hata ndama hakanyagi. Hapakuwa na karatasi wala shahidi. Shabani alisema "tayari", Masunga akaleta ng'ombe.

Walikodi gazeti moja kwa wawili. Walisomeana jioni barazani, kisha mmoja wao alilirudisha mjini, akasoma karatasi ya mwisho kwenye benchi letu, akarudi Mvumi kumsimulia mwenzake. Nilimwona Masunga mara nyingi akisoma huku midomo inacheza, akifunga macho, akirudia, kama mtoto anayekariri. Nikamwambia siku moja, "Baba, chukua kalamu uandike."

"Nikiandika nitamsomea," akasema. "Anataka nimwambie."

Wakati huo walikuwa kwenye hadithi ndefu ya matoleo kumi na mawili, ya watu waliozaliwa ndani ya chombo cha anga, ambao hata babu zao hawakuwahi kukanyaga ardhi. Nahodha alikuwa mwanamke, anaitwa Tausi. Walikuwa wamebakiza toleo la mwisho tu.

Hapo ndipo kosa langu lilipowafikia, ingawa nilikuwa nimelifanya miezi mingi kabla.

Mvua zilikuwa zimezidi, mto ukatoka kwenye kingo zake, maji yakaingia dukani hadi kwenye goti. Magazeti yalikuwa juu, yakapona mengi. Kopo la biskuti lilikuwa chini ya meza, na siku hizo tulikuwa tumeleta humo na karatasi za Mikumi kuzipanga. Kila karatasi humo ilikuwa imefungwa kwa uzi kikaratasi chenye namba ya toleo, na vikaratasi hivyo viligeuka uji. Tulianika karatasi za mwisho kwenye kamba kama nguo, zikakauka, na hakuna aliyejua ipi ni ya gazeti gani. Zote zilikuwa na namba zilezile, arobaini na saba, arobaini na nane.

Mzee alisema tukae tuzisome, moja moja, tulinganishe na magazeti yake. Ningeweza kukubali. Badala yake nikasema kusoma kutatuchukua mwezi na tena kusoma kunadanganya, mtu anaona anachotaka kuona. Nikapendekeza njia ya kisayansi: nipime kutu iliyoachwa na pini, nilinganishe rangi ya karatasi, basi. Nilichora jedwali. Nilimaliza kwa siku tatu. Nilijivunia lile jedwali kuliko cheti changu.

Toleo la mwisho la hadithi ya Tausi tulikuwa nalo nakala mbili, moja Kilosa na moja Mikumi. Kila nakala nikaipa karatasi yake kwa mujibu wa jedwali. Sikusoma hata sentensi moja.

Basi wiki hiyo Masunga alirudisha nakala ya Kilosa, akaisoma karatasi kwa Mzee Nassoro, akaenda zake. Siku ileile Shabani alikuwa Mikumi, binti yake alikuwa amejifungua. Akapita kibandani, nilikokuwa zamu siku hiyo, akaliona toleo lilelile, akacheka. "Mwanangu, nipe karatasi yake. Leo nitamwahi yule mchunga ng'ombe." Nikampa. Akasoma, akatikisa kichwa, akaniaga kwa furaha.

Jumamosi akaja dukani Kilosa peke yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayelipa ushuru. Mzee Nassoro alikuwepo.

"Nimekuja kuuliza," Shabani akasema. "Masunga ananiambia watu wa Tausi walitua. Mimi nilisoma kwa macho yangu kwamba waligeuza chombo kumfuata yule fundi waliyemwacha. Nikamwambia acha mzaha. Akaniambia mzaha ninao mimi. Nikamwambia wewe ni mwongo. Akasimama akaondoka."

"Ndiyo hivyo tu?" Mzee akauliza.

"Jana kamtuma mtoto wake. Anauliza mahindi yangu yatamaliza lini kuingia ghalani, na anataka niandike kwenye karatasi, niweke sahihi." Akaketi kwenye benchi. "Miaka tisa hajawahi kuniomba karatasi. Na mimi nikajiuliza: kama anaweza kunidanganya jambo la bure kama hili, siku ng'ombe wake wakivuka mpaka ataniambia nini? Nimemjibu mwaka huu asilete."

Mabua hayo ndiyo yalikuwa yakiwalisha ng'ombe wa Masunga miezi ya ukame. Bila hayo angewapeleka wapi? Kwenye mashamba ya watu wasiomjua. Kila mmoja wenu anajua habari hiyo huishia wapi.

Shabani alipoondoka nilimgeukia Mzee. "Mwisho upi ni wa kweli?"

"Nikikwambia utaniamini?"

"Nitakuuliza umejuaje."

"Basi chukua magazeti yote mawili na karatasi zote mbili, uende Mvumi. Jedwali ulichora wewe."

Nilikwenda kesho yake kwa pikipiki. Nilimpitia Masunga kwanza, nikamkuta zizini, nikamwomba anifuate kwa Shabani. Akasema hana shida na huko. Nikamwambia, "Baba, mwongo ni mimi." Akanitazama muda, akanawa mikono, akafuata.

Shabani alikuwa uani anapukuchua mahindi. Hawakuamkiana. Mke wa Shabani akaleta mkeka, akaona sura zao, akaleta na wa pili. Nikaweka magazeti chini, nikaeleza yote: maji, kamba, kutu, jedwali. Nikasema kila mmoja alisoma alichosema amesoma. Nakala moja ina karatasi isiyo yake, na hiyo isiyo yake huenda ni ya toleo jingine la hadithi hiyohiyo, lililochukuliwa na maji kabla hamjalisoma.

"Huenda," akasema Shabani.

"Huenda."

"Chuo kikuu miaka mitatu, mwanangu, halafu huenda."

Masunga akacheka puani, kisha akakumbuka kwamba wamegombana, akaacha. Akavuta gazeti la Mikumi, lile lililosomwa na Shabani. Hakusoma. Aliliinua juu, akalielekeza kwenye mwanga, akapekua karatasi moja moja kutoka nyuma. Akachukua karatasi ya mwisho nayo akaiinua. Akafanya hivyohivyo kwa gazeti la Kilosa.

"Njoo uone," akasema. Hakutaja alikuwa anamwambia nani, lakini aliyesogea ni Shabani.

Vidudu vya karatasi hutoboa gazeti kama msumari mwembamba, moja kwa moja, kurasa nyingi kwa mpigo. Nilivijua. Nilivilaani miaka yote. Gazeti la Kilosa lilikuwa na tundu karibu na ukingo, lililoanzia katikati hadi ukurasa wa arobaini na sita, na karatasi yake ya mwisho ilikuwa na tundu hilohilo, mahali palepale. Gazeti la Mikumi lilikuwa na matundu mawili, yamepita mpaka ukurasa wa arobaini na sita. Karatasi niliyoliwekea mimi ilikuwa nzima, haina hata alama ya sindano.

"Sisi ng'ombe tunawajua kwa mkato wa sikio," Masunga akasema. "Huyu ndama si wa mama huyu."

Shabani akashika karatasi yake, akaichungulia kwenye jua, akaingiza ncha ya unyasi kwenye matundu ya gazeti, akaifikisha kwenye karatasi, ikagota. Akarudia. Ningetaka kuwaambia kwamba nilifurahi kuona uchunguzi mzuri namna ile. Ukweli ni kwamba nilitamani mkeka unimeze.

"Kwa hiyo nilisoma ya uongo," akasema.

"Ulisoma kweli," Masunga akamwambia. "Ya uongo alikupa huyu."

"Nisameheni, wazee wangu."

"Usimwite mzee, atadai heshima," Shabani akasema, bado anachungulia tundu. Kisha akaishusha karatasi. "Nilikuita mwongo mbele ya mke wangu."

"Hata wangu alisikia. Una sauti kubwa kwa mtu anayekula mihogo."

Kuku akapanda kwenye lundo la magunzi, akafukuzwa. Nikaona nisaidie. Nikachukua karatasi ya kweli, yenye tundu, nikamnyooshea Shabani aisome mwenyewe, ili shaka yote iishe. Alitikisa kichwa.

"Kaa nayo," akaniambia. Akamgeukia mwenzake. "Nilikukatiza siku ile. Walifikaje?"

Masunga akakunja miguu, akafumba macho kidogo. Akasimulia jinsi Nahodha Tausi alivyosimama mbele ya mlango ambao haukuwahi kufunguliwa, na watu nyuma yake wanaogopa, na mpishi mzee akasema kama hakuna anayetoka yeye anatoka, kesho atapika nini. Mlango ukafunguka. Nje mvua ilikuwa inanyesha, na hakuna hata mmoja aliyejua ile ni nini.

Mimi nilikuwa nafuatilia kwenye karatasi, kidole mstari kwa mstari. Alikuwa hajakosea neno la maana.

"Halafu wakashuka," Masunga akasema, "wakakuta majani. Mabichi, yanafika magotini, mpaka jicho linapokoma."

Kidole changu kikasimama. Nikarudi mstari mmoja juu, nikashuka tena. Hapakuwa na majani. Hadithi iliishia kwenye mvua. Nikainua kichwa, mdomo umeshafunguka.

"Yanafika magotini?" Shabani akauliza, ameinama mbele.

"Magotini."

Nikaufunga mdomo. Nikaikunja ile karatasi mara mbili, jambo ambalo kwenye kazi yetu ni kosa kubwa, nikaiweka chini ya goti langu.

"Na ng'ombe?"

"Hadithi haikusema."

"Hadithi ya watu wa mjini," Shabani akasema. Akachukua gunzi jingine, akaanza kupukuchua. "Gunia la mwisho linaingia ghalani Alhamisi. Walete Ijumaa, tukishatoka kuswali."

"Ijumaa," Masunga akaitikia, akavuta rundo la mahindi upande wake, akaanza kumsaidia.